Nukta Iliyopotea Njia: Utatuzi wa Matatizo kwa Wanaorekodi Wadudu, Vivimbe vya Mimea na Uyoga Mkoani Dodoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaojitolea kurekodi wadudu, vivimbe vya mimea na jamii ya kuvu katika mkoa wa Dodoma na maeneo jirani ya Singida, ili kila wanachokiona kiwe nukta kwenye ramani ya mtawanyiko wa viumbe hao. Umepangwa kwa dalili, yaani kwa kile ambacho mtu hukiona kwanza kwenye ramani, kwenye jedwali au ndani ya chupa ya kufugia, kisha unashuka hadi kwenye chanzo. Mwenye tatizo moja aende moja kwa moja kwenye dalili yake.

Jambo moja hata hivyo linawahusu wote. Nukta yenye kasoro haifutwi kabla ya kuulizwa maswali, na maswali hayo yana mpangilio: anza na mahali, fuata tarehe na saa, kisha mmea au kitu ambacho kiumbe alikutwa juu yake, na jina la kiumbe liwe la mwisho. Wengi wetu huanza kinyume. Tukiona kipepeo mahali asipotarajiwa, tunabishana wiki nzima juu ya jina lake, ilhali kilichosahaulika ni alama ya kutoa mbele ya tarakimu.

Dalili: nukta imeangukia nchi nyingine au baharini

Mji wa Dodoma upo takriban latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba tupo kusini mwa ikweta, na ndiyo inayopotea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika jedwali, hasa pale mtu anaponakili kutoka daftari ambamo aliandika herufi K au S badala ya alama hiyo. Namba zilezile bila alama ya kutoa humhamisha mbawakawa wa Dodoma hadi kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kwa hiyo ukiona kundi la nukta limekaa Ethiopia, na umbo la kundi hilo ni kama taswira ya Dodoma kwenye kioo, juu ikawa chini, usihangaike na majina ya wadudu. Rudisha alama ya kutoa na kundi zima litarudi nyumbani.

Kosa la pili ni kubadilishana safu. Mtu akiandika longitudo mahali pa latitudo, yaani 35.74 kisha -6.17, nukta huangukia Bahari ya Atlantiki, mbele kidogo ya mji wa Tangier nchini Moroko. Akibadilishana safu na wakati huohuo akapoteza alama ya kutoa, nukta hukaa nchi kavu kaskazini-mashariki mwa Aljeria, jirani na mji wa Batna, na hapo kosa huwa gumu kuligundua kwa sababu panzi kuwapo Aljeria halimshangazi mtu. Nukta iliyokaa kwenye Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo ya Greenwich, ina maana moja tu: safu zote mbili zilikuwa tupu na kompyuta ikazijaza sifuri. Hiyo haina cha kurekebisha mpaka mwenye rekodi apatikane.

Dalili: nukta ipo Tanzania, lakini si pale ulipokuwa umesimama

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu makosa haya hayajitangazi. Njia bora ni kupima umbali kati ya mahali ulipokuwa na mahali nukta ilipo, kwa kuwa kila chanzo kina umbali wake.

Ikiwa nukta imesogea kilomita chache hadi makumi kadhaa, shuku dakika zilizoandikwa kama desimali. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo digrii 6 na dakika 10 ni 6.167, wala si 6.10. Tofauti hiyo peke yake ni kilomita saba na zaidi kidogo. Kwenye longitudo hali inaweza kuwa mbaya zaidi: digrii 35 na dakika 44 ni 35.733, na mwenye kuandika 35.44 ameisogeza rekodi kama kilomita 32 kuelekea magharibi, yaani ametoka mjini na kushika njia ya Bahi bila kujua. Dalili ya pembeni ya kosa hili ni kwamba katika jedwali zima hakuna desimali inayozidi .59, hilo haliwezi kutokea kwa bahati rekodi zikiwa mia moja.

Ikiwa nukta imesogea mita mia mbili na kitu, au hata mia tatu, na nyingine zote zimesogea umbali uleule na upande uleule, basi mahali palisomwa kwenye ramani za karatasi za zamani za kipimo cha 1:50,000. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, wakati simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84, na mifumo hii miwili haikubaliani juu ya mahali sifuri inapoanzia. Kwa ramani ya mkoa mzima tofauti hiyo haina madhara. Kwa mtu anayetaka kurudi kwenye kichuguu kilekile mwaka unaofuata, mita mia mbili na hamsini katika kichaka cha Itigi ni sawa na kupotea kabisa.

Ikiwa nukta imeruka zaidi ya kilomita 600, na namba zenu ziliandikwa kwa mita za mfumo wa UTM, ambao huigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita ndani ya kila kanda, chanzo ni kanda. Mkoa wa Dodoma umepata bahati mbaya ya kukatwa na longitudo 36, ambayo ndiyo mpaka kati ya kanda ya 36 Kusini na kanda ya 37 Kusini. Mji wa Dodoma, Bahi na Kondoa zimo kanda ya 36. Miji ya Kongwa na Mpwapwa imo kanda ya 37. Kikundi kinachotoka mjini asubuhi na kulala Mpwapwa kinavuka mpaka huo njiani, na kama kiongozi amejaza kanda moja kwa safari nzima, nusu ya rekodi zitaharibika. Rekodi za mjini zikisomwa kwa kanda ya 37 huangukia Bahari ya Hindi, mbali mashariki ya Unguja. Rekodi za Mpwapwa zikisomwa kwa kanda ya 36 hukaa mkoani Katavi, magharibi ya Mpanda, ambako kuna misitu ya miombo na wadudu wanaofanana na wa kwetu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kipimo cha haraka ni hiki: namba ya kuelekea mashariki katika eneo la mji wa Dodoma ni kama laki nane, na katika eneo la Kongwa na Mpwapwa ni kama laki mbili. Ukiona laki mbili, kanda ni ya 37. Mimi ningependelea kila mtu aandike digrii za desimali na kuachana na mita, lakini wapo walimu wa jiografia waliozoea mita na sioni sababu ya kuwasumbua, ilimradi kanda iandikwe kwenye kila mstari.

Hatimaye, nukta inaweza kusogea kwa makusudi. Katika iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe kwa picha, rekodi ya spishi iliyo hatarini hufichwa mahali pake kwa kuwekwa popote ndani ya mraba wenye upande wa digrii 0.2, yaani kama kilomita 22, na mtumiaji mwenyewe pia anaweza kuchagua kuficha rekodi yake. Mwenye rekodi huona mahali halisi, wengine huona mahali pa kubahatisha. Ikiwa wewe unaona sawa na mwenzako anaona kasoro, hakuna cha kurekebisha.

Dalili: rekodi zote zimerundikana mahali pamoja

Rundo likiwa juu ya paa la nyumba ya mtu, picha zilipandishwa usiku baada ya safari, na programu ikachukua mahali simu ilipokuwa wakati wa kupandisha. Hali hii hutokea zaidi kwa picha zilizopitia WhatsApp, kwa sababu picha ikitumwa kwa njia ya kawaida huondolewa taarifa zilizojificha ndani yake, zikiwamo za mahali na saa ilipopigwa. Mtu aliyekwenda milima ya Chenene akamtumia mratibu picha arobaini kwa WhatsApp amemtumia picha arobaini zisizo na mahali. Tiba ni kutuma picha kama faili la hati, kwa njia hiyo taarifa zake hubaki, au kila mmoja apandishe za kwake kutoka kwenye simu iliyopiga. Kabla ya safari, fungua kamera na uhakikishe kwamba ruhusa ya kurekodi mahali imewashwa. Mkifika porini mahali pasipo na mtandao, mpe kila mtu dakika chache za kusimama uwanjani, mbali na mti mkubwa na paa la bati, mpaka simu ishike setilaiti. Simu iliyozoea kusaidiwa na mnara huchelewa ikiachwa peke yake.

Rundo likiwa katikati ya wilaya au kata, tatizo ni jina. Mtu aliandika neno moja tu, na mwingine akalitafuta kwenye ramani. Chamwino ni mfano wa kutosha: ni wilaya, na ni kata ndani ya jiji la Dodoma. Neno Dodoma lenyewe ni jiji na ni mkoa. Andika kijiji, kata na wilaya, na uongeze kitu kisichohama, kama daraja, shule au kisima. Kwenye safu ya usahihi, andika ukweli. Tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali zinabainisha mahali kwa kilomita moja hivi, tarakimu nne kwa mita kumi na moja. Rekodi iliyokisiwa kutokana na jina la kijiji kisha ikaandikwa kwa tarakimu nane inadai usahihi wa milimita, na mtu wa mbali ataiamini.

Dalili: saa au tarehe haiingii akilini

Nondo aliyenaswa kwenye taa saa 8 mchana, au kipepeo aliyekuwa akinyonya maua saa 9 usiku, ni matokeo ya saa mbili zinazoishi katika nchi moja. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, simu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu aliyeandika daftarini "saa 2" kisha mwingine akaingiza 2:00 kwenye jedwali amemhamisha nondo kwa saa sita. Katika daftari andika saa kwa Kiswahili na uongeze neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Katika jedwali tumia saa 24 peke yake, ambapo saa 2 usiku ni 20:00. Kazi ya kubadilisha apewe mtu mmoja.

Tarehe za usiku zina mtego wa aina yake. Wapo wanaosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha usiku unaoamkia Ijumaa, kama wazee walivyohesabu, na wapo wanaomaanisha usiku unaofuata baada ya Ijumaa. Shuka jeupe lililowekewa taa kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri linagusa tarehe mbili. Andika "usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari" na hakuna atakayekosea. Uongeze pia hali ya mwezi, kwa sababu usiku wa mbalamwezi nondo huja wachache kwenye taa, na idadi ndogo ya usiku huo isichukuliwe kuwa nondo wamepungua.

Dalili: kivimbe kimoja kimetoa wadudu watatu tofauti

Kivimbe cha mmea ni sehemu ya jani, tawi au chipukizi ambayo mmea wenyewe umeikuza isivyo kawaida kwa kuchochewa na kiumbe kingine: nyigu mdogo, nzi mdogo, utitiri, kuvu au bakteria. Kiumbe hicho hula na kukulia humo. Wajitoleaji wengi hukusanya vivimbe, huviweka kwenye chupa, na hurekodi mdudu wa kwanza anayetoka kuwa ndiye mwenye nyumba. Hilo ndilo kosa kubwa katika fani hii yote. Kivimbe ni kama nyumba ya kupanga: yumo aliyeijenga, wamo wapangaji wanaokula tishu za kivimbe bila kukijenga, na wamo nyigu vimelea ambao mabuu yao humla mjenzi, na hao vimelea nao huwa na vimelea wao. Katika chupa moja unaweza kupata wageni wengi na usimwone mjenzi hata mmoja.

Kwa hiyo hesabu, usichague. Kila mdudu anayetoka atengwe na aandikiwe tarehe ya kutoka, idadi yake na kivimbe alichotoka, na jina la mjenzi liachwe wazi. Pasua vivimbe vichache vya kundi lilelile vikiwa bado vibichi, na upige picha ya buu aliye ndani akiwa katika chumba chake. Buu aliyekaa peke yake katikati ya chumba chenye kuta laini ana nafasi kubwa ya kuwa mjenzi. Buu aliyejibandika juu ya mwili wa mwenzake ni kimelea. Picha ya ndani ina thamani kuliko picha tano za nje.

Ikiwa hakuna kilichotoka, tazama kwanza kama kivimbe kina tundu dogo la duara. Tundu hilo ni mlango uliokwisha kutumika, na ulichokusanya ni nyumba tupu. Nyumba tupu bado ni rekodi halali, ilimradi mmea umetambuliwa. Ikiwa hakuna tundu na miezi imepita, huenda kivimbe kilikauka haraka mno. Hewa ya Dodoma kuanzia Juni hukausha jani kwa siku mbili. Ikiwa badala ya mdudu umepata ukungu, mfuko wa plastiki ndio uliokuponza. Tumia chupa pana yenye kipande cha kanga kilichofungwa mdomoni kwa mpira, weka karatasi ya chooni ndani ili inyonye unyevu, na iache kivulini mahali ambapo sisimizi hawafiki. Miguu ya meza iliyowekwa ndani ya makopo ya maji inatosha.

Mmea ni nusu ya utambuzi. Wajenzi wengi wa vivimbe wameshikamana na mmea mmoja au jamii moja ya mimea, kwa hiyo picha ya kivimbe isiyo na picha ya jani zima, ua au tunda la mmea huo haiwezi kusaidiwa na mtaalamu yeyote. Mkaratusi unatoa mfano ulio wazi. Vivimbe vilivyopangana kwenye mshipa wa kati wa jani, kwenye kikonyo na kwenye vijiti vichanga, vya kijani mwanzoni, kisha vyekundu, mwishowe vya kahawia vyenye matundu, ni kazi ya Leptocybe invasa, nyigu asiyefika milimita moja na nusu, aliyetoka Australia na kuelezwa kisayansi mwaka 2004. Mtu asiyeutambua mkaratusi hawezi kufika kwenye jina hilo. Anayeutambua hufika kwa dakika moja.

Majani ya mzabibu nayo yanastahili tahadhari katika mkoa huu wa zabibu. Jani lenye malengelenge yaliyotuna upande wa juu, na chini ya kila lengelenge kuna kitu cheupe kama pamba, hurekodiwa na wengi kuwa lina ukungu. Ule weupe ni vinyweleo ambavyo jani limeviotesha kwa kuchochewa na utitiri wa jamii ya Eriophyidae, ambao hauonekani kwa macho. Ukungu wa kweli wa majani ya mzabibu pia hutoa weupe upande wa chini, lakini jani halivimbi. Chanzo kimoja huorodheshwa chini ya wadudu na jamaa zao, kingine chini ya vimelea vya magonjwa, na wakulima wamewahi kupulizia dawa isiyohusika kwa kosa hilohilo.

Dalili: kivimbe kimejaa sisimizi

Ikiwa mti ni mgunga mfupi wa udongo mweusi wa mbuga, wenye miiba mirefu iliyovimba tako kama vibuyu vidogo vyeusi, na upepo ukivuma husikika mluzi, huo ni Vachellia drepanolobium, na vibuyu vyake si vivimbe kwa maana ya mwongozo huu. Mti huvikuza wenyewe, hata pasipo na sisimizi, nao sisimizi huingia na kukaa, wakaulinda dhidi ya wanyama wanaokula majani. Rekodi yake ipelekwe kwa wanaoshughulika na sisimizi. Hata hapo usiandike tu "sisimizi wa mgunga". Katika Afrika Mashariki spishi nne hugombea mti huu: Crematogaster mimosae, Crematogaster nigriceps, Crematogaster sjostedti na Tetraponera penzigi, na kwa kawaida mti mmoja humilikiwa na kundi moja kwa wakati mmoja. Mti uliopogolewa machipukizi ya pembeni ukabaki na taji lililokunjamana huashiria nigriceps. Sjostedti hupendelea matundu yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina kuliko vibuyu. Piga picha ya taji, ya kibuyu na ya sisimizi kwa karibu, na uvae mikono mirefu. Hawana subira na mgeni.

Dalili: uyoga haupati jina

Picha ilipigwa kutoka juu. Katika rekodi za uyoga nilizowahi kupitia, hiyo ndiyo sababu karibu kila mara: kofia moja ya kahawia, majani makavu pembeni, basi. Uyoga unatakiwa kuonekana kutoka juu, ubavuni na chini, pamoja na vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia kama kurasa, pete ya kwenye shina kama ipo, na kitako cha shina kilichofukuliwa kwa kisu, si kung'olewa. Kufukua kuna maana maalumu kwetu, kwa sababu uyoga wa vichuguuni wa jenasi ya Termitomyces huoteshwa na mchwa kwenye bustani zao chini ya ardhi, na wengi wao wana shina linaloendelea kushuka kama mzizi hadi kwenye kiota. Ukiuvuta unabaki na kofia na umepoteza ushahidi. Jenasi hiyo ina uyoga mdogo sana, Termitomyces microcarpus, unaochipuka kwa mamia juu ya udongo, na ina Termitomyces titanicus ulioelezwa kutoka Zambia mwaka 1980, ambao kofia yake hukaribia upana wa mita moja. Kwa hiyo rula ndani ya picha si pambo.

Rangi ya spora, yaani vumbi ambalo uyoga huzaliana kwalo, hutatua mengi. Kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli, na uiache usiku kucha. Termitomyces huacha vumbi la rangi ya waridi hafifu. Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wa kwenye nyasi unaosumbua vibaya matumbo ya waliouchanganya na uyoga wa kula, huacha vumbi la kijani. Jina lililotolewa na programu ya simu lisiwe kibali cha kupika. Kazi yetu ni ramani, si mboga.

Dalili: programu inataja mdudu wa Marekani

Programu hukisia kwa kulinganisha na picha ilizofunzwa nazo, na picha za Marekani na Ulaya ni nyingi kuliko za kwetu. Mara nyingi jibu sahihi ni kupanda ngazi: badala ya spishi, andika jenasi au familia na uwaachie wajuzi. Lakini usifute kwa sababu tu asili ya mdudu ni ng'ambo. Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, asili yao ni Amerika, wakathibitishwa barani Afrika mwaka 2016, na aliyefuta rekodi za mwanzo kwa hoja ya "huyu si wa huku" alifuta habari muhimu. Pale inapowezekana, tafuta alama. Kiwavi huyo ana mchoro wa herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mwisho wa mwili. Picha ikionyesha vyote viwili, mabishano yameisha.

Dalili: kiumbe kimoja kina majina mawili, au jina moja limebeba viumbe wengi

Migunga yetu iliitwa Acacia kwa muda mrefu, mpaka mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 ulipoacha jina hilo kwa miti ya Australia, na uamuzi ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Ya Afrika sasa ni Vachellia au Senegalia. Jedwali lenye majina yote mawili litatoa ramani mbili zilizopungukiwa. Unganisha, lakini jina la asili libaki kwenye safu yake. Kinyume chake, neno mgunga kwa Kiswahili hubeba spishi nyingi, na mchwa kwa baadhi ya watu ni pamoja na sisimizi. Jina la Kigogo au Kirangi aliloandika mzee wa kijiji mara nyingi huchambua kuliko la Kiswahili. Liandike kama lilivyotamkwa, hata kama hulielewi.

Dalili: ramani ina mapengo

Nukta zikifuata lami ya Morogoro na ya Singida kama ushanga kwenye uzi, ramani inaonyesha wanaorekodi wanakopita. Zikiwa zote kati ya Desemba na Aprili, inaonyesha mvua, ambayo Dodoma ni ya msimu mmoja na haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Wakati wa kiangazi wadudu wengi wamo ardhini, ndani ya magome au katika hali ya yai, na sisi nasi tumekaa kivulini. Vivimbe hata hivyo hubaki mtini, na matawi yakipukutisha majani ndipo vya vijitini vinapoonekana vizuri; Agosti ni mwezi mzuri wa kuvitafuta.

Gawanya mkoa kwa miraba ya robo digrii, ambayo kila upande ni kama kilomita 28, na uandike kwenye daftari mraba uliotembelewa, saa zilizotumika kutafuta, na spishi mlizotafuta mkazikosa. Mstari unaosema "mikaratusi 30 ilikaguliwa Bahi kwa saa mbili, hakuna kivimbe" uingizwe kwenye jedwali siku ileile, kwa sababu baada ya wiki hakuna atakayekumbuka kama miti ilikuwa thelathini au kumi.